F1 kwenye pakiti ya nyanya

Mwaka juzi mama yangu alinipigia simu kutoka Wundanyi akiwa na hasira. Alikuwa amenunua pakiti ya mbegu za nyanya kwa agroveti, akapanda, nyanya zikatoka sawasawa kama mayai ya trei moja, akauza Kongowea mpaka akanunua tangi la maji. Basi msimu uliofuata akaona hakuna haja ya kurudi dukani. Alichukua zile nyanya nzuri kuliko zote, akakamua mbegu, akazianika juu ya gazeti, akapanda. Vikatoka vituko. Mche huu mrefu, jirani yake mfupi. Tunda hili la mviringo, lile limechongoka kama limau, na mengine yalikuwa laini hata yakapasuka kabla gari halijafika Voi.

"Wamenidanganya," akasema. "Au wametia dawa kwenye mbegu ili nirudi kwao."

Nikamuuliza pakiti imeandikwa nini. Akaenda kuitafuta, nikawa nasikia sufuria zikisogezwa. Akarudi. "Kuna jina, halafu F1. Hiyo F1 si ni ya magari?"

Nilicheka, lakini swali lilinishika. Mimi nilisomea botania. Ile F na ile 1 nimeziandika ubaoni, nimeziandika kwenye mitihani, nimeziandika kwa kalamu isiyofutika kwenye mifuko ya karatasi. Sikuwahi kujiuliza nani aliziandika mara ya kwanza.

Ziliingia kwenye sayansi mwaka 1902, katika ripoti iliyopelekwa kwa Kamati ya Mageuko ya Royal Society ya London. Ukurasa wake wa mwanzo unasema majaribio yamefanywa na watu wawili: W. Bateson, na mbele ya jina lake zile herufi tatu za kuonyesha kwamba ni mwanachama wa Royal Society. Kisha Miss E. R. Saunders. Yeye hana herufi mbele ya jina. Ana Miss nyuma yake, basi. Humo ndimo herufi F ilipotumiwa kwa kizazi cha watoto, F1 ikawa watoto wa kwanza wa wazazi wawili waliochanganywa, F2 wajukuu. Humo pia ndimo yalimotoka maneno ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne huyakariri mpaka leo: homozaigoti, heterozaigoti, na alelomofu, ambalo baadaye lilikatwa mkia likabaki aleli. Nilipokuwa shuleni tuliambiwa ni maneno ya Bateson. Huyo Miss hakutajwa.

Edith Rebecca Saunders alizaliwa Brighton tarehe 14 Oktoba 1865. Mwaka 1884 aliingia Newnham, mojawapo ya vyuo viwili vya wanawake pale Cambridge. Hapa lazima nieleze jambo, maana ukisikia "alisoma Cambridge" unaona kofia na joho. Wanawake waliruhusiwa kukaa kwenye mji ule, kuhudhuria mihadhara kama mhadhiri mwenyewe hana neno, na kufanya mtihani uleule. Digrii hawakupewa. Saunders alifanya mitihani ya sayansi mwaka 1887 na 1888, akapita vizuri, akapewa cheti. Hakuwa mwanachama wa chuo kikuu.

Na maabara je? Hapo ndipo palipokuwa na ugumu zaidi. Mhadhara unaweza kukaa nyuma kimya ukasikiliza. Biolojia haisomwi hivyo, lazima ushike wembe, ukate bua, uchungulie kwenye hadubini. Maabara nyingi za chuo kikuu hazikutaka wanawake. Kwa hiyo Newnham na Girton walinunua kanisa dogo lililoachwa, mtaa wa Downing Place, wakaligeuza maabara yao wenyewe. Lilifunguliwa mwaka 1884, mwaka uleule Saunders alipofika, likapewa jina la Francis Balfour, mwanabiolojia aliyekuwa akiwaunga mkono wanawake na aliyekufa kijana, mwaka 1882, akipanda milima ya Alps. Saunders aliingia humo kama mwanafunzi, mwaka 1888 akawa msaidizi wa kufundisha, na kuanzia 1899 hadi 1914 akawa mkuu wake. Miaka 15, kila msichana wa Newnham au Girton aliyetaka kufanya biolojia kwa mikono yake alipita mbele ya mama huyu.

Nimesema "mama" kwa desturi yetu. Hakuolewa, hakuzaa.

Utafiti wake ulianza na kimmea cha milimani kiitwacho Biscutella laevigata. Bateson alikuwa amekiona huko Italia: mimea ya aina moja, bonde moja, mingine majani yake yana vinyweleo na mingine majani laini kabisa. Mjadala mkubwa wa wakati ule ulikuwa kuhusu mageuko. Wafuasi wengi wa Darwin waliamini viumbe hubadilika kidogo kidogo, na kwamba ukichanganya sifa mbili utapata kitu cha katikati, kama kutia maziwa kwenye chai. Sasa kama ni chai na maziwa, sifa mpya itadumu vipi? Baada ya vizazi vichache si itazimuka yote? Saunders alichanganya vile vyenye vinyweleo na vile laini, akaotesha watoto. Hawakuwa chai ya maziwa. Walipokua, wengi wao walikuwa ama na vinyweleo ama laini. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1897. Ile makala ya Mendel ya 1866, juu ya njegere, ilikuwa bado imelala kwenye makabati, haikufufuliwa hadi mwaka 1900. Maana yake, Bateson alipoisoma makala ya Mendel, kazi ya kuithibitisha ilikuwa tayari inaota kwenye vitalu vya Saunders.

Nataka kusema kidogo kuhusu kazi yenyewe, kwa sababu nimeifanya, na kwa sababu vitabu huiruka. Ua ambalo linaweza kujichavusha lenyewe lazima ulifungue kabla halijafunguka. Unalishika chipukizi kwa vidole viwili, unalipasua kwa kibanio, unatoa vifuko vya chavua kimoja kimoja bila kuumiza sehemu ya kike. Kikipasuka kimoja, ua hilo limeharibika, tupa. Unalifunika. Baada ya siku unarudi na chavua ya baba uliyemchagua, unapaka, unafunika tena, unafunga kibandiko. Kisha unangoja mbegu zikomae, unazivuna ganda kwa ganda, unazipanda kila moja na nambari yake, halafu unahesabu. Mvua ikinyesha unahesabu. Mgongo unauma, unahesabu. Ukikosea kibandiko kimoja, msimu mzima umekwenda na maji.

Saunders aliifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 20, hasa kwenye Matthiola, ua la bustani lenye harufu kali tamu ambalo Wazungu hulipenda kwenye shada. Na ua hilo lilimtesa. Njegere za Mendel ni mwanafunzi mtiifu: watatu kwa mmoja, hadithi kwisha. Matthiola haikutii. Alichukua aina mbili zote zenye majani laini, moja ya maua meupe na nyingine ya rangi ya krimu, akazichanganya. Watoto wakatoka na maua ya zambarau na majani yenye vinyweleo! Wazazi wote wawili hawana vinyweleo, watoto wanavyo. Mtu mwingine angesema chavua imeingia kwa siri kutoka kitalu cha jirani. Saunders alirudia, akahesabu wajukuu, akaonyesha kwamba kinyweleo kinahitaji zaidi ya kitu kimoja ili kiote. Mzazi huyu ana nusu ya vinavyohitajika, yule ana nusu nyingine. Siku hizi tunasema jeni hushirikiana. Wakati ule hata neno jeni halikuwapo.

Kisha kulikuwa na maua mazito. Kuna Matthiola zinazotoa ua lililojaa petali mpaka halina nafasi ya kitu kingine, halina chavua, halina mbegu. Wakulima wa maua walikuwa wakizipata kila mwaka kutoka kwa ndugu zao wa ua la kawaida, na hakuna aliyejua kwa nini zaidi kidogo ya nusu ya watoto wanatoka wazito. Saunders alifuatilia mpaka akagundua kwamba mmea huohuo mmoja unatoa chavua na mayai yasiyofanana: chavua yote imebeba sifa ya uzito, ilhali mayai yamegawanyika. Ukiwa umewahi kushinda kutwa ukihesabu miche utajua inahitaji ukaidi wa namna gani kuamini daftari lako linapokuambia jambo kama hilo.

Si kwamba watu walikubali tu. Mwaka 1904 wanasayansi wa Uingereza walikutana Cambridge kwa mkutano wao mkuu, na pambano la siku lilikuwa kati ya watu wa Mendel na watu wa takwimu, upande wa Weldon na Pearson. Saunders alisimama akaeleza Matthiola zake. Weldon akasimama kumpinga. Hebu fikiria ukumbi ule: mwanamke asiye na digrii, kwenye mji uliomnyima digrii, akitetea hesabu zake mbele ya profesa. Mwaka uliofuata ripoti nyingine ilitoka, safari hii ya Bateson, Saunders na Punnett, ikaonyesha kwenye njegere za maua kwamba sifa nyingine husafiri pamoja, rangi ya ua na umbo la chavua. Jambo hilo lilikuja kueleweka vizuri baadaye, ilipojulikana kwamba jeni zimepangwa kwenye kromosomu.

Lakini kitalu hakikuwa cha watu wawili. Hapa ndipo nilipoishiwa na subira na vitabu vyangu vya zamani. Bateson hakuwa na fedha wala wanafunzi, wanaume wenye kutafuta vyeo walikimbia somo lisilo na cheo. Waliokuja ni wanawake wa Newnham, wengi wao kupitia ile maabara ya kanisani. Muriel Wheldale akachukua rangi za maua, akaziingiza kwenye kemia. Florence Durham akafuga panya kwa ajili ya rangi za manyoya, Igerna Sollas akafuga simbilisi. Dorothea Marryat, Hilda Killby, Nora Darwin ambaye alikuwa mjukuu wa Darwin mwenyewe. Neno "jenetiki" Bateson alilitunga mwaka 1905, na kwa miaka ile, ukisema wanajenetiki wa Cambridge, unazungumza kuhusu kundi ambalo wengi wao walikuwa wanawake. Somo lilikuwa halina heshima bado, kwa hiyo mlango ulikuwa wazi. Sijui kama nifurahi au nikasirike.

Wakati huohuo mji uliwaonyesha wazi jinsi unavyowaona. Mei 1897 chuo kikuu kilipiga kura kama wanawake wapewe digrii. Wanafunzi wa kiume walitengeneza sanamu ya mwanamke amepanda baiskeli, wakaining'iniza dirishani kwenye duka la vitabu mkabala na jengo la kura. Zaidi ya watu 1,700 walikataa, waliokubali hawakufika 700. Matokeo yaliposomwa, vijana waliishusha sanamu, wakairarua, wakaenda kusukuma mabaki kwenye lango la Newnham. Saunders alikuwa akifundisha nyuma ya lango hilo. Mwaka huohuo ndio aliochapisha Biscutella.

Oktoba 1921 kura ikapigwa tena, ikakataliwa tena, na safari hii vijana wakachukua mkokoteni wakaugonga mlango wa shaba wa Newnham mpaka ukavunjika. Mwaka mmoja tu kabla yake, 1920, Saunders alikuwa rais wa sehemu ya botania katika mkutano wa wanasayansi wa Uingereza huko Cardiff.

Alipiganaje? Nimelitafuta hilo, kwa sababu nilitaka shujaa wa kushika bango. Sikumpata. Nilimpata mwalimu. Alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuchaguliwa kuwa wanachama wa Jumuiya ya Linnean, mwaka 1905, na baadaye akaketi kwenye baraza lake. Mlango ule ulivunjwa na mwingine, Marian Farquharson, mtaalamu wa mimea jamii ya kangaga, aliyeandika maombi kuanzia 1900. Jumuiya ilipokubali hatimaye kupokea wanawake, yeye wakamkataa kwa kura, wakamchaguza 1908 akiwa mgonjwa asiyeweza hata kufika kutia sahihi. Kila ninapomkumbuka Farquharson namkumbuka Wangari Maathai, ambaye miaka ya 1970 alidai wanawake wa Chuo Kikuu cha Nairobi wapewe masharti ya kazi sawa na wanaume; kuna wanaodai, na kuna wanaoingia baadaye wakajaza chumba. Saunders alijaza chumba. Mwaka 1919 yeye na Bateson walianzisha Genetical Society, na yeye akawa rais wake kuanzia 1936 hadi 1938. Kule Newnham aliongoza masomo ya wasichana wa sayansi hadi 1925.

Nisije nikamfanya mtakatifu. Nusu ya pili ya maisha yake ya utafiti aliitumia kwenye nadharia yake kuhusu sehemu ya kike ya ua, kwamba imejengwa kwa majani ya aina kadhaa na si aina moja. Aliandika makala nyingi, akamalizia na kitabu cha majuzuu mawili kati ya 1937 na 1939. Wenzake wengi hawakukubali, na leo hakuna anayeifuata. Ukaidi uleule uliomsaidia kwenye Matthiola ulimfungia humo. Nafikiri hilo nalo lilichangia kusahaulika, maana vijana waliomjua mwishoni walimjua kama bibi mwenye nadharia ya ajabu.

Vita vya pili vilipoanza alijitolea kuhudumia askari. Alikuwa akizunguka Cambridge kwa baiskeli, na ilikuwa juu ya baiskeli alipopata ajali iliyomuua, tarehe 6 Juni 1945, akiwa na miaka 79. J. B. S. Haldane, ambaye hakuwa mtu wa kusifu ovyo, alimwita mama wa jenetiki ya mimea ya Uingereza. Miezi michache kabla, Machi mwaka huohuo, Royal Society ilikuwa imechagua wanawake kwa mara ya kwanza, wawili. Mmoja wao, Marjory Stephenson wa Newnham, alikuwa amefanya mafunzo yake ya vitendo ya biolojia mle kanisani, kwenye maabara ya Saunders. Saunders mwenyewe hakuchaguliwa. Cambridge ilianza kutoa digrii kamili kwa wanawake mwaka 1948.

Niliahidi kusema kwa nini swali la mama lilinishika. Nilipomaliza shahada nilifanya kazi misimu miwili kwenye shamba la utafiti wa mahindi, sitasema wapi. Wasichana watatu tulikuwa tukiamka saa kumi na moja kuvalisha mahindi mifuko, tukihesabu mistari ya punje mpaka macho yanaona punje usingizini. Daftari lilikuwa langu, mwandiko wangu. Makala ilipotoka ilikuwa na majina manne, na sisi tulikuwa kwenye mstari wa mwisho wa shukrani, pamoja na dereva: "wasaidizi wa shamba." Nilikwenda kumuuliza mkubwa wetu. Akanijibu kwa upole, na upole ule ndio ulioniudhi zaidi, kwamba kuhesabu si sayansi. Mwezi uliofuata niliomba kazi ya ualimu. Sijuti kufundisha. Lakini niliposoma ule ukurasa wa 1902, jina la Saunders likiwa hapo mbele, kwa herufi zilezile za jina la Bateson, nilikaa kimya kwa muda. Bateson angeweza kumweka kwenye shukrani. Sheria za wakati ule zingemruhusu kuliko za kwetu.

Basi nilipanda matatu nikaenda Wundanyi. Nilimweleza mama kwa maharagwe, juu ya meza, meusi na meupe. Kwamba kampuni ina babu na nyanya wawili wanaofugwa mbalimbali, kila mmoja akizaa wanaofanana naye tu; kwamba mbegu ya pakiti ni mtoto wa hao wawili, F1, na watoto wote wa ndoa hiyo wanafanana; kwamba yeye alipokamua mbegu akapanda wajukuu, F2, na wajukuu kila mmoja huokota sifa yake kutoka ukoo wote. Hakuna dawa, hakuna uganga. Akaniuliza nani aliyejua hivyo. Nikamwambia kulikuwa na mwanamke, mwalimu, aliyekuwa akihesabu maua.

"Na digrii hawakumpa."

"Hawakumpa."

Mama akayachezea maharagwe. Kisha akaniambia nisogee, akachukua daftari la chama kutoka juu ya kabati, akafungua nyuma. Kumbe alikuwa ameihesabu ile miche yake ya vituko kabla ya kuing'oa, kwa hasira tu, ili akamwonyeshe mwenye agroveti: mirefu 41, mifupi 15. Na chini yake, kwa kalamu nyekundu, alikuwa ameandika mche wa saba, mstari wa pili karibu na mfereji, matunda yake hayakupasuka. Mbegu zake amezihifadhi kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Alitaka nimwambie kama hizo sasa aandike F3.